Wazazi, Nyuma ya Kamba

Ndugu wazazi na walezi, makocha wetu, na ninyi vijana ambao najua mnanisikiliza huku mnafunga kamba za viatu: habari za asubuhi. Nimepewa dakika chache kabla vizibao havijagawiwa na mchujo huu wa soka la watoto haujaanza. Mwalimu mkuu ameniomba nisirefushe maneno, kwa sababu misuli ya watoto ikipoa itabidi wapashe upya na ratiba yote itasogea. Nitajitahidi. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Mimi ni mzazi. Nimesimama sana nyuma ya kamba kama hii, mkononi chupa ya maji ambayo hakuna aliyeiomba, nikijifanya natazama watoto wote kumbe namtazama mmoja. Lakini nimekaa pia upande wa pili, kwenye meza ile pale yenye karatasi, nikiwa karani wa wachaguaji. Karani ndiye anayeandika namba ya kizibao pamoja na neno ambalo kocha analitamka upesi, macho yake yakiwa bado uwanjani. Kazi hiyo haina heshima kubwa, ila ina faida moja: unaona ambayo kocha hana muda wa kuyaona, na mzazi hana pa kusimama ayaone. Ndiyo sababu nimeitwa kusema nanyi.

Nililo nalo ni moja tu. Leo mwanao ana makocha wa kutosha. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumtazama tu, na mtu huyo anapaswa kuwa wewe. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na nusu ya wazazi wanaishindwa kabla ya kipyenga cha pili.

Kwanza mjue mezani kunafanyika nini, maana wengi mnadhani kuna mizani fulani ya siri. Hakuna. Watoto ni wengi na nafasi ni chache. Wanagawanywa makundi, wanapewa mazoezi ya kupokea mpira, kugeuka na kupiga pasi, kisha wanaingizwa kwenye mechi ndogo za watano kwa watano au saba kwa saba. Kocha mmoja anatazama watoto kumi au kumi na wanne kwa mkupuo. Pigeni hesabu wenyewe: mechi ya watano kwa watano ikichezwa dakika 20, na mpira ukagawanywa sawa kwa wote, kila mtoto anaumiliki dakika 2. Zilizobaki 18 anakimbia, anajipanga, anaita, anakaba, au anasimama kiunoni mikono akisubiri kuletewa.

Kocha anayejua kazi yake anazitazama hizo 18. Anataka kuona kama mtoto anageuza kichwa kuangalia nyuma yake kabla mpira haujamfikia, au anashtukia tu beki yuko mgongoni. Anataka kuona mtoto anafanya nini sekunde chache baada ya kupoteza mpira. Anataka kuona, wakati zoezi linaelezwa, nani anasikiliza na nani anapiga danadana pembeni. Mabao tunaandika, lakini kwa siku kama ya leo bao ni habari ndogo: wakati mwingine limefungwa kwa sababu kipa wa kundi hilo ni winga aliyelazimishwa kudaka.

Sasa niwaonyeshe tukio moja ambalo nimeliona mara nyingi kutoka kwenye kile kiti, mpaka nikaanza kulisubiri. Mtoto mwenye kizibao namba 17 anapigiwa pasi nzuri, anataka kuizuia kwa wayo, mpira unapita chini ya mguu. Mtoto wa timu ya pili anauwahi na kuondoka nao. Kabla namba 17 hajageuka kukimbiza, anageuza shingo. Haangalii mpira ulikokwenda. Hamwangalii kocha. Anaangalia huku kwenye kamba, anamtafuta mtu mmoja katikati ya umati, na usoni pa mtu huyo anasoma jibu lake la mchujo kabla sisi hatujaandika lolote. Labda ameona mikono kichwani. Labda ameona mgongo, kwa sababu baba amegeuka kwa uchungu. Labda amesikia "Jamani!" Anarudi kukimbia, lakini sekunde tatu zimekwisha na nafasi aliyotakiwa kuiziba iko wazi. Kocha ananiambia, "Kumi na saba, hakurudi." Naandika: hakurudi.

Kwenye karatasi yangu hakuna safu ya kuandika kwamba alikuwa anamtazama mzazi wake.

Hilo ndilo ningependa mlibebe. Mtoto kukosea mpira hakumtoi kwenye orodha. Wote wanakosea, hata watakaochukuliwa leo watakosea mara nyingi tu. Kinachomtoa ni anachokifanya baada ya kukosea, na baada ya kukosea, watoto wengi wanakuja kwanza kwako. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Uwanja huu ni mgeni, makocha wageni, wenzake hawajui jina lake wanamwita kwa namba. Hapa kwao ni wewe. Akigeuka akukute umesimama vilevile ulivyokuwa umesimama alipopiga chenga nzuri. Sura ileile. Ikiwezekana usipige hata makofi ya kuzidi pale anapofanya vizuri, kwa sababu makofi makubwa yanamfundisha kwamba ukimya una maana.

Na kelele. Najua wengi mnasema, "Mimi namsaidia tu." Sikilizeni jinsi msaada unavyofika. Kocha amewaambia watoto kabla ya mechi: leo tulizeni mpira, angalieni, jengeni kutoka nyuma. Mtoto anapokea akiwa amebanwa kidogo, anatulia kama alivyoambiwa, na kutoka kwenye kamba inakuja sauti anayoijua tangu tumboni: "Achia! Piga mbele!" Amtii nani? Katika ile nukta ya kuamua amtii nani, mpira umeondoka. Mama mwingine anapiga kelele "Rudi!" na mume wake papo hapo anasema "Panda!" Nacheka, lakini mtoto hachekeshwi. Kuna makocha ambao wakisikia hivyo wananiambia niandike kwenye safu ya maoni. Sisemi ni haki, nasema hufanyika: akademi inayomchukua mtoto inajua inamchukua pamoja na mzazi wake, kwa miaka.

Simu nayo. Ukitaka kurekodi, rekodi kidogo, halafu iweke mfukoni. Mtoto anayejua kila hatua yake itatazamwa upya usiku sebuleni hachezi, anaigiza. Na kwenye video yako kuna watoto wa watu ambao wazazi wao hawakukuruhusu uwarushe mitandaoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingenisaidia kama ningelijua mapema, nalo ni hili: mtakayoyaona leo uwanjani, sehemu kubwa ni tarehe za kuzaliwa na mifupa.

Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, yeye na wenzake akiwamo mkewe, walichapisha kitu walichokigundua kwenye orodha za wachezaji vijana wa hoki ya barafuni. Waliozaliwa Januari, Februari na Machi walijaa mno, na waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walikuwa wachache mno. Hakuna nyota wala bahati ndani yake. Mwaka wa uteuzi huko ulikuwa unaanza Januari 1, kwa hiyo mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba waliwekwa kundi moja ilhali mmoja ameishi karibu mwaka mzima zaidi ya mwenzake. Wakiwa na miaka 9, mwaka mmoja ni mwingi sana: ni urefu, ni kasi, ni uwezo wa kusikiliza maelekezo marefu. Mkubwa anachaguliwa, anapata kocha bora, mazoezi mengi na mechi ngumu, na baada ya miaka michache kweli anakuwa bora. Kosa la mwanzo linajithibitisha lenyewe.

Kuna waliobisha, wakasema labda watoto wa mwanzo wa mwaka wana kitu. Basi likaja jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1997 soka la vijana Ubelgiji lilihamisha mwanzo wa mwaka wa uteuzi kutoka Agosti 1 hadi Januari 1. Werner Helsen na wenzake wakalinganisha wachezaji wa kabla na wa baada. Watoto wa Agosti na Septemba, waliokuwa wakipendelewa, wakaanza kupungua, na wa Januari na Februari wakachukua nafasi zao. Vipaji havikuhama mwezi. Iliyohama ni kalenda.

Kwa hiyo ukimwona leo mtoto anayekata mabeki kama hawapo, kabla hujamlinganisha na wako, jiulize alizaliwa lini. Hata ukikuta wamezaliwa wiki moja, bado hujamaliza, kwa sababu miili haiendi pamoja. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na takriban miaka 12, wavulana takriban 14, lakini hiyo ni wastani. Kuna anayetangulia mwaka au miwili, na kuna anayechelewa kiasi hichohicho. Chukua wavulana wawili wa miaka 13 wenye cheti cha siku moja: mmoja ana sauti nzito na mapaja ya mtu mzima, mwingine bado ni mtoto mdogo. Wanawekwa kugombea mpira wa juu, halafu tunaandika nani ameshinda. Mimi nimeandika hivyo.

Baadhi ya klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zimejaribu njia nyingine: kuwapanga vijana kwa ukomavu wa mwili badala ya umri. Kwa mfano, wanawakutanisha wale waliofikia kati ya asilimia 85 na 90 ya urefu wanaokadiriwa kuwa nao utu uzimani. Walioyasimulia mashindano hayo baadaye ni wachezaji wenyewe. Wale waliokomaa mapema, waliozoea kupita kwa nguvu, walijikuta ghafla wanalazimika kufikiri, kupiga pasi mapema, kutafuta nafasi. Waliochelewa walipata kugusa mpira na hata kuongoza wenzao, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna aliyewasukuma pembeni. Napenda sana habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba mchujo wa kawaida unawanyima kitu wote wawili, mkubwa na mdogo.

Kuna na kipindi cha katikati, ambacho wazazi wanakisahau. Mtoto akiwa kwenye ile kasi ya kurefuka, anaweza kuongeza sentimita 8, 9 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Miguu inakuwa mirefu kabla ubongo haujaizoea. Mtoto aliyekuwa anatuliza mpira bila kuangalia anaanza kujikwaa. Baba anasema amekuwa mvivu, anacheza na simu sana. Hapana, mzee, suruali zake zenyewe zimekwambia. Kama mwanao amerefuka sana miezi hii, njoo utuambie mezani. Tunaandika, na kocha analitilia maanani.

Katika kipindi hicho pia ndipo yanapokuja maumivu ya kisigino na yale ya chini kidogo ya goti, pale kano inaposhika kwenye mfupa ambao bado ni laini kwa sababu unakua. Madaktari wana majina yake, Sever kwa kisigino na Osgood-Schlatter kwa goti, na kwa kawaida hupona kwa kupunguza mazoezi na kumpa mtoto muda. Hili nalisema kwa ukali kidogo: msiwape watoto vidonge vya kutuliza maumivu ili wapite siku ya leo. Maumivu ni taarifa, na ukiyanyamazisha mtoto anakimbia juu ya jeraha asilolisikia. Mwenye mtoto anayechechemea, mlete. Tutamwita siku nyingine, jina lake halitafutwa.

Na kwa kuwa tunazungumzia umri, niseme na hili, najua litawaudhi wachache. Kuna cheti kinachosema miaka 12 wakati ndevu zinasema vingine. FIFA ilianza mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono ili kuangalia mfupa umefikia wapi, kwa sababu tatizo lilikuwa kubwa. Lakini tuache mashine. Mzazi anayempunguzia mtoto umri anadhani anamfungulia mlango. Anachokifanya ni kumzoesha kushinda kwa mwili. Anawapita wadogo miaka mitatu minne, hajifunzi kupiga pasi kwa wakati wala kuficha mpira, maana hajawahi kuhitaji. Kisha wadogo wanakua. Siku hiyo anabaki na uongo kwenye cheti na miguu isiyojua kitu, na hawezi kumlalamikia yeyote kwa sababu siri ni yake na ya baba yake. Achilia mbali yule mtoto wa umri halali aliyekosa nafasi.

Sasa najua mnachosubiri. Mnasubiri niwatajie majina ya waliokataliwa wakawa wakubwa. Haya. Luka Modrić aliambiwa na Hajduk Split akiwa mdogo kwamba hana umbo. Akaja kushinda Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, mwaka 2018. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu kadhaa za kwao Ufaransa kwa ufupi wake, akavuka kwenda Real Sociedad ya Uhispania. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akapitia timu za madaraja ya chini, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza na Leicester City.

Ni habari za kweli, na ninaziogopa. Mzazi akizishika anarudi nyumbani na kumwambia mtoto, "Hata Vardy alikataliwa," na mtoto anasikia kwamba mchujo haujaisha, kwamba sasa anadaiwa kuwa Vardy. Wengi walioachwa wakiwa na miaka 16 hawakuwa Vardy. Wakawa mafundi, walimu, madereva, madaktari, na wengi wao bado wanacheza Jumamosi na kufurahi. Mtoto aliyekosa leo hahitaji kuambiwa atakuwa nani. Anahitaji kujua kesho anafanya mazoezi na nani, saa ngapi.

Wazazi ambao watoto wao watachukuliwa, nanyi nina neno lenu, kwa sababu hakuna anayewaambia. Mwaka 2004 Freddy Adu alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani akiwa na miaka 14, matangazo yote yakimwita mrithi wa magwiji. Alicheza soka la kulipwa miaka mingi, katika nchi nyingi, lakini hakufika kule alikoandikiwa na watu wazima. Yeye hakumkosea mtu. Waliotabiri ndio waliokosea. Kuchukuliwa leo maana yake ni kwamba mtoto ataendelea kuchujwa: akademi nyingi zinapitia orodha zao kila msimu, na kila msimu kuna wanaoagwa. Kwa hiyo msinunue jezi zenye majina, msibadilishe shule wiki hii, na shuleni msianze kuombea ruhusa za uongo. Daftari liende sambamba na mpira.

Mara tu orodha itakapotoka, baadhi yenu mtafuatwa. Atakuja mtu mwenye simu mbili na kadi nzuri, atasema anajua klabu ng'ambo, anahitaji malipo kidogo ya majaribio na pasipoti ya mtoto. Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, kwa mfano wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Barcelona yenyewe, na ukubwa wake wote, ilifungiwa kusajili wachezaji kwa kuvunja kanuni hizo za watoto. Na kanuni za mawakala za FIFA zinasema wakala haruhusiwi kumwendea mtoto wala mlezi wake mpaka ibaki miezi 6 kufikia umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi husika, tena awe na idhini ya mlezi kwa maandishi. Mwanao ana miaka 12. Mtu huyo hana la kusema nawe. Usimpe namba, na pasipoti ikae kabatini.

Kuna wengine wameniuliza kama tunayafanya haya mapema mno. Mimi nadhani ndiyo, na nimelisema mbele ya waliotuandalia mchujo huu, kwa hiyo si umbeya. Norway ina kanuni za michezo ya watoto tangu mwaka 1987, na kwa kanuni hizo watoto hawawekewi misimamo ya ligi wala orodha za nani wa kwanza nani wa mwisho mpaka mwaka wanaotimiza miaka 11. Nchi hiyo ya watu takriban milioni 5 ilirudi na medali 39 kutoka Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, nyingi kuliko nchi yoyote. Sisemi theluji haikusaidia. Nasema hawakupoteza mabingwa kwa kuwaacha watoto wacheze kwanza.

Lakini mchujo upo na tumeshafika, basi tuongee ya baada. Kipyenga cha mwisho kikilia, mwache mtoto aje mwenyewe. Asikukute katikati ya uwanja. Mpe maji. Njiani kurudi usianze uchambuzi. Namjua baba mmoja mwema, mtu mpole kabisa, ambaye hakuwahi kupiga kelele uwanjani hata siku moja. Yake yote aliyahifadhi kwa ajili ya safari ya kurudi. "Ile ya dakika ya saba, kwa nini hukupiga kwa kushoto?" Mtoto wake alianza kuomba lifti kwa wenzake, akisema gari lao limejaa. Lilikuwa na watu wawili.

Akitaka kusimulia, atasimulia. Akinyamaza, nyamaza naye, ukimya wa mtu aliyechoka hauna ubaya. Maswali mengine yanamfungua bila kumhukumu: mwenzake yupi alimpa pasi nzuri, zoezi gani lilimchekesha. Ukimwuliza "Unadhani umepita?" umemrudisha mezani kwetu, na sisi wenyewe bado hatujui.

Jibu likija na likawa hapana, mwambie wewe, uso kwa uso. Asilisome kwenye kundi la wazazi la simu, na asiambiwe na mtoto wa jirani. Acha alie kama analia. Kocha mfuate baada ya siku moja, hasira zikishatulia, na umwulize vitu vinavyojibika: mwanangu afanyie kazi nini miezi hii, na mlango wa kurudi uko lini? Akiwa na umri wa kutosha, swali hilo aulize mwenyewe, wewe simama pembeni. Makocha wanawakumbuka sana watoto waliorudi kuuliza. Usimwulize kocha kwa nini amemchukua mtoto wa fulani. Hatajibu, na asipojibu utaondoka na uadui usio na kazi.

Na kuna mtoto mmoja hapa leo, sitamtaja kwa kuwa simjui, lakini yupo kila mwaka, ambaye amekuja kwa sababu mzazi wake aliachwa kwenye mchujo zamani. Akikosa, atakuwa amemkosesha mtu mwingine. Kama ni wa kwako, una dakika tano kabla hajaingia. Mwite pembeni umwambie yale unayoyajua.

Mwalimu amenionyesha saa mara ya pili, basi nisome utaratibu nishuke. Kundi la kwanza, vizibao vya njano, uwanja wa juu. La pili, vya bluu, uwanja wa chini, magolikipa wote waende kule kwa kocha wao. Kila mtoto acheze angalau nafasi mbili, kwa hiyo usishtuke ukimwona mshambuliaji wako amekuwa beki. Tumewaambia makocha wafanye hivyo makusudi. Walioumia na waliorefuka, mezani kwanza. Orodha haitatoka leo, msisubiri hapa. Wazazi wote nyuma ya kamba, na kamba haina mlango. Na wewe mzee wangu mwenye tarumbeta pale nyuma, naomba uje uniachie hapa mezani, utaichukua tukimaliza.